Taa Nyekundu ya King'amuzi: Historia ya Standibai na Masasisho ya Setilaiti

King'amuzi cha setilaiti kikizimwa kwa rimoti hakizimiki. Taa hugeuka nyekundu na picha hupotea, lakini ndani ya kisanduku kazi huendelea. Saa inahesabu, sehemu ya kupokea mawimbi mara nyingi bado ina umeme, na katika vyombo vingi hata LNB, kile kichwa cha dishi kilicho juu ya paa, inalishwa umeme kupitia waya ule ule unaoshusha mawimbi. Hali hiyo, ambayo vitabu vya maelekezo huiita hali ya kusubiri na watu wengi huiita standibai, ilianza kama starehe ya mtazamaji asiyetaka kunyanyuka kitini. Baadaye ikageuka kuwa muda wa kazi wa kampuni ya matangazo ndani ya nyumba ya mteja, na mwishowe ikawa jambo la kutungiwa kanuni za serikali.

Standibai yenyewe ni kongwe kuliko dishi. Runinga za valvu zilihitaji muda wa kupata joto kabla picha haijatokea, na katika miaka ya 1960 watengenezaji kadhaa wa Marekani waliuza runinga zilizoacha nyuzi za valvu zikiwa na uvuguvugu usiku na mchana, ili mwenye nyumba akibonyeza tu aone picha. Rimoti nayo ilikuja na sharti lake. Ile ya Zenith iliyotoka mwaka 1956, kazi ya mhandisi Robert Adler, ilitoa mlio mkali usiosikika kwa sikio la binadamu, na runinga ikauitikia. Ili chombo kiitikie amri ya kuwashwa, sehemu yake fulani lazima iwe macho kabla ya amri yenyewe. Hilo halijabadilika hadi leo. Kilichoongezeka ni idadi ya wanaokiita chombo kikiwa kimelala.

Vipokezi vya kwanza vya setilaiti vya nyumbani havikuwa na programu yoyote ya kusasisha. Mwaka 1975 kampuni ya HBO ya Marekani ilianza kuyapelekea makampuni ya kebo matangazo yake kwa setilaiti, na mwaka uliofuata Taylor Howard, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, akajitengenezea dishi nyumbani kwake California na kuyanasa matangazo hayo ya angani. Waliomfuata katika miaka ya 1980 walisimika uani madishi yenye upana wa mita tatu hivi, na mota ya kuyageuza kutoka setilaiti moja hadi nyingine. Mota ilipozunguka ilituma mapigo ya umeme, kipokezi kikayahesabu na kukumbuka kila setilaiti iko kwenye pigo la ngapi. Hesabu hiyo ikipotea, ilibidi kurudi uani na kuisaka kila setilaiti upya. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyowafanya wenye madishi waanze kuogopa kukikatia kipokezi umeme, na baadhi ya watengenezaji waliweka betri ndogo ndani ili kuilinda.

Sababu ya pili ya kutokizima kipokezi ilikuwa pesa. Januari 1986 HBO ilianza kufumba matangazo yake muda wote kwa mfumo wa VideoCipher II. Aliyetaka kuona alinunua kifaa cha kufumbua chenye namba yake ya pekee, akalipia kila mwezi, na ruhusa ikatumwa angani ikiwa na anwani ya namba hiyo. Wenye madishi, waliozoea kutazama bure, walikasirika. Usiku wa tarehe 27 Aprili mwaka huo fundi mmoja wa kituo cha kurushia matangazo huko Ocala, Florida, John MacDougall, alielekeza mawimbi yake kwenye setilaiti ya HBO na kuifunika filamu kwa ujumbe wa kulalamikia bei. Kisa hicho ndicho kinachokumbukwa zaidi, ingawa jambo zito zaidi la mwaka ule lilipita kimya: kisanduku cha sebuleni kilianza kupokea amri kutoka kwa mtu mwingine, si mwenye nyumba. Na ili kuzipokea kilipaswa kuwa na umeme saa zinapopita.

Ulaya ilifika hapo hapo kwa njia ya kadi. Setilaiti ya Astra 1A ilirushwa Desemba 1988, na kampuni ya Sky ya Uingereza ikaanza kutangaza kupitia kwake Februari 1989. Mfumo wake wa kufumba, VideoCrypt, uliweka siri zote kwenye kadi ya plastiki yenye chipu. Maharamia walipoifumbua, na waliifumbua zaidi ya mara moja, kampuni ilichapisha kadi za toleo jipya na kuwatumia wateja. Sasisho la enzi hiyo lilifika kwa bahasha ya posta. Programu iliyokuwa ndani ya kipokezi chenyewe ilikaa kwenye chipu aina ya EPROM, yenye kidirisha kidogo cha kioo mgongoni. Kuifuta kulihitaji kuimulika kwa mwanga wa urujuani kwa dakika kadhaa, na kuandika upya kulihitaji mashine maalumu ya fundi. Hitilafu ya kiwandani kwa kawaida ilibaki hadi kipokezi kitupwe.

Kilichoondoa kikwazo hicho ni kumbukumbu ya flashi, ambayo Fujio Masuoka wa Toshiba aliitambulisha hadharani mwaka 1984. Flashi hufutwa na kuandikwa kwa umeme papo hapo bila kuchomolewa kwenye bodi. Ilipoingia kwenye vipokezi vya kidijitali vya miaka ya 1990 ilikuta hitaji tayari. Muungano wa DVB wa Ulaya, unaotunga viwango vya matangazo ya kidijitali, ulianza 1993, DirecTV ikafungua huduma Marekani mwaka 1994, DStv ikazinduliwa Afrika Kusini mwaka 1995, na Sky ya kidijitali Oktoba 1998. King'amuzi cha kizazi hiki kilikuwa kompyuta kamili iliyofichwa ndani ya kisanduku cha runinga. Kilikuwa na orodha za chaneli, ratiba ya vipindi, menyu, michezo midogo na, kama kompyuta yoyote, makosa ya programu. Kampuni iliyogawa mamilioni ya visanduku haikuweza kutuma mafundi nyumba kwa nyumba kila kosa linapogunduliwa.

Njia iliyopatikana ilitokana na udhaifu wa setilaiti yenyewe. Mawimbi yake huenda upande mmoja tu: kituo hurusha, dishi hupokea, na kituo hakijui nani kapokea. Kwa hiyo faili la programu mpya hukatwa vipande vidogo na kurushwa kwa mzunguko, kipande cha kwanza hadi cha mwisho, kisha tena kutoka mwanzo, kwa siku au majuma. King'amuzi kinaweza kudandia popote katikati na kungoja vipande kilivyokosa virudi. Faili la megabaiti 8 likirushwa kwa kasi ya kilobiti 200 kwa sekunde humaliza mzunguko mmoja kwa dakika tano na ushee. Mvua kubwa ikiharibu vipande kadhaa, king'amuzi husubiri mzunguko wa pili. Mbele ya faili hutangulia lebo inayotaja mtengenezaji, toleo la kifaa na toleo la programu, na kisichohusika hupita zake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 DVB iliweka utaratibu wa pamoja wa kazi hii, hata vyombo vya makampuni tofauti vikaweza kuhudumiwa kwenye mkondo mmoja.

Saa ya kufanya hivyo ilijichagua yenyewe. Mtazamaji akiwa katikati ya mpira hatakubali skrini imwambie asubiri, ndiyo maana kazi ikasukumwa usiku wa manane, taa ikiwa nyekundu. King'amuzi huamka chenyewe, hulinganisha namba ya toleo, hupakua kwenye kumbukumbu ya muda, hukagua saini ya kidijitali kuthibitisha kwamba faili limetoka kwa mwenyewe, kisha hufuta programu ya zamani na kuandika mpya. Hatua ya hatari ni hiyo ya mwisho. Umeme ukikatika baada ya kufuta na kabla ya kumaliza kuandika, chombo hubaki bila programu ya kukiendesha. Watengenezaji waangalifu walitenga sehemu ndogo ya kumbukumbu isiyoguswa kamwe, yenye programu fupi inayojua jambo moja tu: kutafuta faili na kuanza upya. Wengine waliweka nafasi mbili, ya zamani ikabaki hadi mpya ithibitike. Waliobana gharama hawakufanya lolote kati ya hayo, na visanduku vyao ndivyo vilivyojaa kwenye meza za mafundi.

Mlango huo wa masasisho ulitumika pia vitani. Wizi wa matangazo ya DirecTV kwa kadi zilizochezewa ulikuwa mkubwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2000 kampuni ilianza kutuma vipande vidogo vya programu vilivyoonekana havina maana yoyote, lakini king'amuzi kilivihitaji ili kionyeshe picha, kwa hiyo maharamia wenyewe waliviweka kwenye kadi zao. Jumapili ya tarehe 21 Januari 2001, wiki moja kabla ya fainali ya Super Bowl, amri ya mwisho iliviunganisha na kadi bandia nyingi mno zikafa kwa pamoja. Waliozifungua walisimulia kuwa baiti za mwanzo za kadi ziliandikwa maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba mchezo umekwisha, mahali pasipoweza kufutika. Ni sasisho lililotungwa kwa ustadi kuliko karibu yote yaliyowahi kupita angani, na lilikuja kuharibu.

Uingereza ilionyesha upande mwingine wa kampuni kukitawala kisanduku cha mteja. Mei 1999 Sky ilitangaza kutoa ving'amuzi bure ili kuwashinda wapinzani wake wa matangazo ya antena za kawaida, kwa sharti kwamba kisanduku kiunganishwe na simu ya nyumbani kwa muda wa mwaka mzima. Anayetoa kifaa bure hujali kidogo umeme kitakaoutumia, maana bili hailipi yeye. Hapa ndipo historia ya standibai ilipoingia mikononi mwa watu wa nishati.

Alan Meier, mtafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California, alikuwa akipima vifaa vilivyozimwa kwa miaka kadhaa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 alipendekeza kwamba hakuna kifaa kinachohitaji zaidi ya wati moja katika kusubiri. Shirika la Kimataifa la Nishati lilibeba wazo hilo mwaka 1999, na Julai 2001 Rais George W. Bush aliagiza ofisi za serikali ya Marekani zinunue vifaa vya aina hiyo vinapopatikana. Ving'amuzi viligeuka mfano mbaya kuliko vyote. Katika vingi vya wakati huo, kubonyeza kitufe cha kuzima kulikata picha na kuwasha taa nyekundu, basi. Umeme uliotumika ulipungua kwa wati chache tu. Shirika la mazingira la NRDC lilikadiria mwaka 2011 kwamba visanduku vya runinga za kulipia vya Marekani vilitumia takriban kilowati-saa bilioni 27 mwaka 2010, na kwamba karibu theluthi mbili ya gharama ililipwa wakati hakuna anayetazama. King'amuzi kimoja cha kurekodi pamoja na kingine cha kawaida katika nyumba moja viliweza kula umeme kuliko friji mpya.

Umoja wa Ulaya ulichukua njia ya sheria. Kanuni Na. 1275 ya 2008 iliweka kikomo cha wati 1 kwa vifaa vya nyumbani vilivyo standibai kuanzia 2010, kikashuka hadi nusu wati mwaka 2013, na kidogo zaidi kwa chenye kuonyesha saa. Kanuni Na. 107 ya 2009, iliyohusu vipokezi sahili vya matangazo ya bure, ililazimisha kifaa kijizime kisipoguswa kwa muda usiozidi saa tatu, baada ya kumtahadharisha mtazamaji kwenye skrini. Ujumbe unaotokea katikati ya filamu ndefu ukiuliza kama kuna mtu chumbani ulizaliwa Brussels. Lakini sheria ya standibai ilikilenga chombo kinachosubiri rimoti peke yake. Kinachosikiliza ruhusa za kadi, kukusanya ratiba na kungoja programu mpya hakikuingia vizuri katika maelezo hayo, na ving'amuzi vya kulipia viliachiwa makubaliano ya hiari ya makampuni yenyewe. Marekani nayo ilifuata hiari: makubaliano ya Desemba 2012 yaliwafanya watoa huduma wa setilaiti waahidi kwamba asilimia 90 ya visanduku vipya watakavyonunua vitaweza kujizima vyenyewe.

Sky ilikuwa imetangulia. Mwaka 2007 ilituma kwa njia ya anga sasisho lililovifanya ving'amuzi vyake vya kurekodi viende standibai usiku kama rimoti haijaguswa kwa muda. Mlango ulioachwa wazi kwa ajili ya masasisho ndio uliopitisha amri ya kuufunga kwa kiasi.

Menyu nyingi za leo zina ngazi mbili za standibai. Standibai ya juu juu huacha kichakataji kikiwa macho, kifaa huwaka kwa sekunde chache, na LNB hubaki na umeme. Standibai ya kina huzima karibu kila kitu isipokuwa saa na jicho la rimoti, lakini kuwaka huchukua dakika nzima au zaidi kwa kuwa programu yote hupakiwa upya. Vipokezi vya Dreambox, vilivyotengenezwa Ujerumani na Dream Multimedia mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuendeshwa kwa Linux, vilimwachia mwenye kifaa achague waziwazi kati ya hizo mbili, pamoja na kuchagua programu ya nani aweke. Kundi kubwa la waandishi wa programu wa kujitolea lilitoa matoleo yao wenyewe. Katika visanduku vya makampuni ya kulipia chaguo hilo mara nyingi hufichwa ndani kabisa ya menyu au halipo.

Afrika Mashariki iliupokea mfumo huu ukiwa umeshaundwa kwa ajili ya umeme wa kwingine. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chake hadi 1994, na kabla ya hapo dishi lilikuwa mojawapo ya njia chache za kuona matangazo ya moja kwa moja. Kisha zikaja DStv, na Desemba 2013 Azam TV, ambayo iliingiza dishi dogo katika nyumba nyingi zilizotaka ligi ya Tanzania. Wahandisi wa Ulaya walidhani kisanduku kitakuwa kwenye soketi saa 24. Hapa soketi huzimwa. Huzimwa kwa hofu ya radi, kwa umeme kupanda na kushuka, na kwa hesabu ya LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla nchini Tanzania: king'amuzi kinachotumia wati 15 katika standibai kwa saa 20 kwa siku humaliza yuniti 9 kwa mwezi, na kwa mteja wa kundi la chini la shirika la umeme TANESCO, lenye kikomo cha yuniti 75, hizo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kuzima ukutani ni uamuzi wa busara kabisa. Gharama yake hujitokeza penginepo: kifurushi kikilipiwa kwa simu wakati king'amuzi kimezimwa, ruhusa hupita angani bila mpokeaji, na mteja wa DStv akiwasha jioni hukuta alama ya E16. Huduma kwa wateja humwambia akiache kikiwa kimewaka kwenye chaneli fulani kwa dakika kadhaa, maana ujumbe utarushwa tena.

Masasisho nayo hujilimbikiza. King'amuzi kilichonyimwa usiku wake kwa miezi mingi huanza kupakua mara tu kinapowashwa, mchana kweupe, na mwenyewe akiona asilimia zinapanda polepole kwenye skrini hudhani kimeharibika, anachomoa waya. Hapo ndipo programu inapokatwa katikati. Fundi dishi wa mtaani hukirudisha kwa faili lililo kwenye flashi ya USB, au kwa waya wa kompyuta katika vifaa vya zamani vyenye tundu la RS-232, ilimradi ile sehemu ndogo ya kuamshia haijaguswa. Ikiwa imefutika, bodi hubakia akiba ya vipuri.

Kuna mambo ambayo sasisho halikuweza kuyafanya. Matangazo yalipohama kutoka mfumo wa picha wa MPEG-2 kwenda MPEG-4, na kutoka DVB-S kwenda DVB-S2, visanduku vya awali havikuwa na chipu za kuyafumbua, hata zikiandikiwa programu nzuri namna gani. Na chombo kinachotegemea amri za kampuni hufa nayo. GTV, iliyoanza mwaka 2007 na kuuza mpira wa Ulaya kwa bei nafuu katika nchi nyingi za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, ilifunga ghafla mwishoni mwa Januari 2009. Ving'amuzi vyake vilibaki majumbani vikiwa vizima, vikisubiri ruhusa ambayo hakuna tena wa kuirusha.

Katika ving'amuzi vya sasa vyenye intaneti, faili hupakuliwa mara moja kutoka kwa seva badala ya kudandiwa kwenye mzunguko wa angani, na kampuni hupata jibu: namba ya kifaa, toleo kilichonacho, saa kilipowashwa. Ulaya iliweka kikomo kingine kwa vifaa vinavyosubiri vikiwa kwenye mtandao, kupitia Kanuni Na. 801 ya 2013, ambayo iliruhusu wati zaidi kuliko standibai ya kawaida na kuzipunguza kwa awamu. Kwa dishi lisilo na intaneti, lililo bado la kawaida vijijini kuanzia Kigoma hadi Turkana, mzunguko wa vipande unaendelea kurushwa vile vile, usiku kucha, bila kujua kama kuna kisanduku kinachosikiliza.